Maili Kumi za Mwambao: Tuanzie Mwaka Gani?

Mazungumzo ya ardhi hayakauki katika baraza za Pwani ya Kenya. Mmoja hulalamikia maskwota, mwingine wenye mashamba wasioonekana, wa tatu watu wa bara waliogawiwa ardhi baada ya uhuru. Kila mmoja ana ushahidi, kwa sababu kila mmoja huanzia mwaka unaomfaa. Mzozo huu hautaeleweka mpaka wanaozungumza wakubali kurudi nyuma pamoja, wakiulizana: kabla ya hapo ilikuwaje?

Anayeanzia 1963 atakumbusha makubaliano ya Oktoba mwaka huo. Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu wa Kenya, na Muhammad Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, waliafikiana kwamba mamlaka ya Sultani wa Zanzibar juu ya ukanda wa maili kumi wa mwambao yakome. Kenya nayo iliahidi kulinda mahakama za kadhi na kuzitambua hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa. Kwa ahadi hiyo, serikali mpya ilirithi daftari la mkoloni kama lilivyokuwa. Mwenye hati alibaki nayo. Asiye nayo aliingia katika uhuru mikono mitupu.

Daftari hilo lilianza na sheria ya hati za ardhi ya 1908. Kila mwenye kudai ardhi katika ukanda huo alitakiwa apeleke madai yake kwa msajili, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza. Wenye mashamba waliozoea kadhi, maandishi na mirathi walijua pa kwenda. Wamijikenda, ambao haki yao ilitokana na ukoo na jembe, wengi wao walikosa. Utumwa ulikuwa umefutwa kisheria mwaka 1907 tu: mabwana walilipwa fidia, lakini waliolima mashamba hayo hawakupewa hata kipande. Mwaka 1914 Wagiriama, miongoni mwa Wamijikenda hao, waliohamasishwa na Mekatilili wa Menza, waliinuka kupinga kodi, kazi za kulazimishwa na kuhamishwa kutoka ng'ambo ya kaskazini ya Mto Sabaki.

Athari za daftari hilo zingali wazi. Katika mitaa ya Mombasa kama Majengo, mtu huweza kumiliki nyumba bila ya kumiliki ardhi iliyo chini yake. Kuta, paa na milango ni vyake. Hupangisha vyumba, huuza nyumba au huwarithisha wanawe. Lakini kiwanja ni cha mwingine, na yeye hulipa kodi ya ardhi. Mashambani nako mnazi huweza kuwa wa aliyeupanda, na udongo ukawa wa mtu mwingine. Watu walipojuana, utaratibu huu uliwezesha wasio na ardhi kupata pa kukaa. Hati ilipofanywa kauli ya mwisho, na shamba likauzwa kwa mtu wa mbali, aliyepanda na kujenga aliitwa mvamizi.

Wengine hurudi hadi tarehe 14 Desemba 1895, Sultani Hamed bin Thuwaini alipokubali Waingereza wautawale ukanda huo kwa malipo ya kila mwaka. Kwa sababu hiyo bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea Fort Jesus hadi 1963, na mkataba huo ndio waliouegemea waliodai kujitenga kwa kupaza sauti ya “Pwani si Kenya”. Hata sheria ya Tume ya Taifa ya Ardhi, inapozungumzia dhuluma za kihistoria, huhesabu zilizotokea kati ya tarehe 15 Juni 1895 na 27 Agosti 2010.

Mimi nasema tusisimame hapo. Malindi ilifufuka katika miaka ya 1860, chini ya himaya ya Sultani Majid, kwa mashamba makubwa ya mtama na ufuta. Waliofyeka msitu na kupalilia walikuwa watumwa, wengi wao wakiwa wametolewa nchi za kuzunguka Ziwa Nyasa. Waliotoroka walijenga vijiji vyao bara, kama Fuladoyo. Basi waliofika kwa msajili mwaka 1908 wakiwa na ushahidi wa mashamba, wengi wao walipeleka ushahidi wa jasho la watu wengine. Mkoloni aliliandika hilo daftarini. Hakulianzisha peke yake.

Sehemu hii ndiyo tunayoiruka. Ni rahisi kumlaumu Mwingereza aliyekwisha kuondoka, au jirani aliyekuja juzi, kuliko kutazamana wajukuu wa bwana na wajukuu wa mtumwa tunaoketi baraza moja na kuoana. Kuizungumza si kutafuta wa kuaibishwa, maana hakuna aliyechagua babu yake. Ni kupata kipimo cha haki kinachowatosha wote: nani alilima, nani alijenga, nani alizika wazee wake hapo. Tusipokiweka mezani, kila ugawaji wa hati utarudia kosa la 1908: kumtambua ajuaye njia ya ofisini na kumwacha aliyeitumikia ardhi.