Jumamosi moja, miji miwili: Mpwapwa na Kongwa

Najua nimepotea kidogo, tesiti zilinibana na zile kazi za vikundi ambazo anafanya mtu mmoja halafu majina yanaandikwa nane. Nimerudi na jambo, na safari hii naomba msome mpaka chini, maana nataka watu wa kwenda nao.

Kisa kimeanzia chumbani. Rumeti wangu tangu jioni kashika simu anaangalia video za watu wanaozunguka miji ya kale ya Italia kwa siku moja. Asubuhi Siena, mchana San Gimignano, jioni wanarudi Florence kula. Akaguna, akasema: "Hivi sisi hapa Dodoma mtu ukitaka kuona mji wa kale unaenda wapi? Si kila kitu kimejengwa juzi?" Mwenzetu mwingine, Mgogo wa Mpwapwa, alikuwa kajilaza anajifanya amelala. Aliinuka kama kaumwa na nge! Usiku ule hatukulala, na kabla ya alfajiri tukawa na mpango.

Tukubaliane kwanza jambo moja. Tarehe za Dodoma tunazozijua ni fupi fupi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku ni 1973, chuo chetu ni 2007, hadhi ya jiji ni Aprili 2018. Ukiishia hapo utadhani nyuma yake palikuwa pori na yule tembo aliyezama kwenye tope, idodomya. (Kuna kisa kingine wazee wanasimulia, cha ng'ombe wa wizi walioliwa, mikia ikachomekwa kwenye tope ili wenye mali wakija waambiwe ng'ombe wamezama. Mimi nakipenda zaidi hiki, kina ujanja.) Lakini kwa habari ya miji, Dodoma ni mdogo mtu. Kaka mkubwa ni Mpwapwa.

Mpwapwa ilikuwepo kwa sababu ya maji. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipanda milima ya Usagara, ikateremka, na pale chini ya vilima vya Mpwapwa ikakuta kijito na chakula. Mbele yake palikuwa na Chunyo, ambapo maji yana chumvi chumvi, halafu Marenga Makali, nyika ya karibu maili 30 isiyo na maji. Kwa hiyo kila aliyepita lazima apumzike Mpwapwa, anunue chakula, ajaze vibuyu, asali kwa dini yake, ndipo aivuke ile nyika. Burton na Speke walipita njia hiyo mwaka 1857. Stanley alipita 1871 akimtafuta Livingstone, na akamwacha Mpwapwa mwenzake mgonjwa, Farquhar, ambaye alifia hapo hapo.

Ukishavuka Marenga Makali ndipo unaingia Ugogo penyewe, na hapo kuna hongo. Neno hili leo kwetu ni baya, ni rushwa. Zamani zile hongo ilikuwa ushuru wa njia, mtemi anadai vitambaa, nyaya na shanga, msafara unalipa, unapita na unapewa maji. Wasafiri wa Kizungu wameandika kurasa na kurasa kuwalalamikia watemi wa Kigogo, eti wachoyo, eti wanyang'anyi. Mimi nilipozisoma mwaka wa kwanza niliwaamini. Sasa najiuliza, katika nchi yenye ukame kama hii, kisima amechimba nani? Msafara wa watu mia kadhaa ukinywa siku tatu, mifugo ya mwenye kisima inakunywa nini? Mgogo wetu yeye hajiulizi, anasema tu, "Mlikuwa mnakunywa maji yetu, lipeni." Basi.

Halafu kuna mwaka 1889, na hapa ndipo nilipomshangaza rumeti. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walikuwa wamefika Mpwapwa tangu miaka ya 1870. Kampuni ya Wajerumani ikaweka kituo mwaka 1887. Juni 1889 Bushiri, ambaye alikuwa anapigana nao kule pwani, akapanda mpaka Mpwapwa akakishambulia kile kituo, Mjerumani mmoja akauawa na mwingine akakimbia. Miezi michache baadaye Wissmann akaja na jeshi akajenga ngome. Novemba mwaka huo huo Stanley akatokea tena, sasa akitokea upande wa maziwa makuu, ana msafara mrefu na Emin Pasha ndani yake, na Wajerumani wakawapokea pale pale Mpwapwa. (Emin huyu alifika salama Bagamoyo, akafanyiwa karamu, akaanguka dirishani usiku ule ule na kuumia vibaya. Katoka mbali kote kule kwenye maziwa makuu!) Kufika Desemba Bushiri akanyongwa Pangani. Yote hayo ni mwaka mmoja, na mji ambao leo mtu wa Dodoma akiutaja wengi wanafikiria ng'ombe tu.

Sasa ilikuwaje Mpwapwa ikabaki nyuma? Reli. Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, na mwaka 1910 ikafika Dodoma. Haikupanda Mpwapwa, ilipita bondeni Gulwe. Biashara iliyokuwa inatembea kwa miguu ikapanda behewa, na kale kasehemu kaitwako Dodoma kakawa mji. Kilimatinde nayo yalikuta hayo hayo, ilikuwa boma la Wajerumani kule juu ukingoni mwa Bonde la Ufa, treni ikapita chini kwa Saranda.

Ndiyo maana nikamwambia rumeti arudi kwenye video yake aiangalie vizuri San Gimignano. Mji ule ulitajirika kwa sababu njia ya mahujaji wa kwenda Roma ilipita mlangoni kwake. Tauni ya 1348 ikaukumba, ukaingia chini ya Florence, ukadumaa. Ile minara 14 anayoipenda imebaki kwa kuwa hapakuwa na tajiri wa kuibomoa ajenge kipya. Mpwapwa ni ndugu yake, ila yenyewe haikujengwa kwa mawe mengi, na hakuna anayekuelekeza wapi pa kutazama.

Reli haikuleta neema tupu, lakini. Julai 1916 jeshi la Waingereza chini ya van Deventer liliiteka Dodoma likitokea Kondoa. Majeshi yote mawili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua zikakataa. Ikaja njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, kati ya 1917 na 1920. Inakadiriwa waliokufa ni watu 30,000 hivi katika watu 150,000 wa Ugogo. Mmoja katika kila watano. Mwenzetu alipotaja neno Mtunya sauti yake ilishuka, na chumba kizima tukanyamaza. Bibi yake alikuwa hatupi hata punje ya uwele, na yeye utotoni akidhani ni ubahili.

Turudi kwenye mpango. Kongwa iko kilomita kama 90 kutoka Dodoma, unashika barabara ya Morogoro, pale Mbande unakata kulia. Mpwapwa iko mbele ya Kongwa, njia hiyo hiyo. Rumeti alitaka tusimame Kongwa kwanza kwa kuwa ndiyo ya karibu. Mimi na Mgogo wetu tumekataa. Tutaipita Kongwa bila kushuka, twende mpaka Mpwapwa asubuhi kungali na ubaridi, tukaone vile vilima na kijito na magofu, mchana ndipo turudi Kongwa. Ukianza na Kongwa hutaielewa, maana Kongwa ni habari ya watu waliokuja bila kuuliza maji yako wapi.

Mnajua mradi wa karanga, au mmesikia jina tu. Baada ya vita kuu ya pili Waingereza hawakuwa na mafuta ya kula. Mwaka 1946 timu yao ikazunguka wiki chache tu, ikapendekeza walime karanga ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa Tanganyika. Mwaka 1947 wakaanzia Kongwa. Matrekta yalikuwa mabaki ya vita, na vifaru vingine viligeuzwa vikawa matrekta. Mibuyu ikawashinda, visiki vikavunja vyuma, na udongo ulipokauka ukawa kama saruji, karanga haing'oki. Mvua nazo ni zile zile za Ugogo. Wagogo walikuwa wanapanda uwele na mtama, na walikuwa na sababu. Januari 1951 mradi ukafutwa, pauni kama milioni 36 zimekwenda. Nchi ile ikaishia kuwa ranchi ya ng'ombe, yaani walirudi kwenye jambo ambalo mtoto wa Kigogo wa miaka saba angewaambia.

Lakini mimi Kongwa sifuati karanga. Kuanzia 1964, pale palipoachwa na mradi, Tanzania iliwapa wapigania uhuru kambi. FRELIMO walitangulia, na Samora Machel aliwahi kuongoza kambi yao hapo kabla hajawa mkubwa mnayemjua. Wakaja ANC, na Chris Hani alikaa Kongwa. Wakaja SWAPO, MPLA na ZAPU. Msumbiji ikapata uhuru 1975, Namibia 1990, Afrika Kusini wakapiga kura 1994. Waliokufa kabla ya siku hizo makaburi yao yapo Kongwa. Na wapo watu wa Kongwa ambao baba zao walikuwa wapiganaji, wakaondoka na vikosi vyao, watoto wakabaki na mama zao, wamekua Wagogo.

Hapa ndipo ninapoharakisha. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1964, anayekumbuka wale vijana wakikimbia mchakamchaka alfajiri na nyimbo za lugha asizozijua, leo amepita miaka 70. Ngome ya mawe inaweza kutungoja mpaka tumalize digrii. Mzee huyo hatungoji. Kwa hiyo wanaoniambia "tuisukume mpaka semista ijayo" jibu langu ni hapana.

Na wanaouliza kwa nini si Kondoa, michoro ya Kolo imo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006, naijua na naitaka. Ila ni kilomita kama 180 kwenda tu, na milima ya kupanda kwa miguu. Ile ni siku nzima ya peke yake, tuiweke bumu lijalo.

Utaratibu ni huu. Jumamosi ya pili baada ya bumu kutoka, kosta ya kukodi, nauli tunagawana sawa. Tumeandika barua ya kuomba ruhusa wilayani, na tukifika tunabisha hodi kwa serikali ya mtaa kwanza, hatuvamii makaburi na kamera. Wazee tutawaamkia vizuri, tutakaa chini, tutasikiliza, na atakayemkatiza mzee kumuuliza "kwa kifupi" atarudi kwa miguu. Beba maji yako mwenyewe, lita tatu. Mama mmoja wa Mpwapwa, shangazi wa mwenzetu, amekubali kutupikia ugali wa uwele na mlenda, asiyekula mlenda aseme mapema asije akatutia aibu.

Gari linaondoka saa 11 na nusu alfajiri, pale pale tunapopandia daladala. Rumeti wangu ndiye wa kwanza kuandika jina, nafasi zimebaki 19.