Kutoka Sikio hadi Mita: Kutambua Ubovu wa Magari Mpakani Busia na Tororo

Ufundi wa magari katika Busia na Tororo umejengwa na mambo mawili ambayo hayakuanzia gereji, nayo ni mstari wa mpaka na njia ya mizigo itokayo Mombasa. Mpaka wenyewe ni mchanga kuliko jamii zinazoishi kandokando yake, kwa kuwa hadi mwaka 1902 nchi yote kuanzia Naivasha kwenda magharibi ilihesabiwa kuwa sehemu ya Himaya ya Uganda, na Mkoa wake wa Mashariki ulipohamishiwa mwaka huo katika himaya jirani iliyokuja kuitwa Kenya, Wasamia na Wateso walijikuta chini ya serikali mbili. Njia ya mizigo ilifuata baadaye: reli ilipita Malaba na Tororo hadi ikafika Kampala mwaka 1931, tawi lake la Mbale na Soroti likaufanya mji wa Tororo kuwa makutano, na magari ya barabarani yakapata vivuko viwili vikuu, Malaba na Busia. Penye kivuko gari husimama, na penye magari yaliyosimama fundi hupata kazi.

Kwa miaka mingi magari ya petroli yaliyopita njia hiyo yalitegemea kabureta, yaani chombo kinachochanganya petroli na hewa kwa mvuto wa injini yenyewe, bila kompyuta. Fundi wa zama hizo alitambua ubovu kwa sikio, kwa pua na kwa rangi ya plagi, kwani plagi yenye masizi meusi ilionyesha kwamba mafuta yamezidi, na iliyopauka ikawa nyeupe ilionyesha kwamba hewa ndiyo iliyozidi. Hata hivyo si haki kumwona kama mtu aliyekisia tu. Pointi, yaani vidomo viwili vilivyo ndani ya distributa vinavyofungua na kufunga umeme wa koili, zilirekebishwa kwa vijibamba vyembamba vya chuma vyenye unene uliojulikana, na nafasi hiyo ya takribani milimita 0.4 ilipokosewa, injini ilimisi au ilikataa kuwaka. Kipimo kilikuwa sehemu ya kazi tangu mwanzo, na jambo hili lina uzito katika yote yanayofuata.

Mabadiliko makubwa yaliyoikumba kazi hiyo yalitangazwa Tororo kwenyewe. Tarehe 4 Agosti 1972, akihutubia wanajeshi katika kambi ya mji huo, Rais Idi Amin alitangaza kufukuzwa kwa Waasia, ambao baadaye walipewa siku 90 kuondoka nchini, na kwa kuwa sehemu kubwa ya biashara ya magari, vipuri na matengenezo katika miji ya Uganda ilikuwa mikononi mwao, maduka yaliyobaki yaliishiwa bidhaa na hayakuwa na njia rahisi ya kuagiza nyingine. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na katika miaka hiyohiyo, hasa bei ya kahawa ilipopanda duniani mwaka 1976 na 1977, kahawa ya Uganda ilivushwa kwa magendo kwenda Kenya, huku bidhaa adimu, vipuri vikiwamo, zikivushwa kurudi upande wa pili. Baiskeli za bodaboda, ambazo usafiri wake ulianzia Busia, zilibeba watu na mizigo katika eneo lililo kati ya vituo viwili vya forodha. Hata baada ya Amin kuondoka njia hiyo haikuwa ya kutegemewa, kwani Desemba 1987 majeshi ya nchi hizo mbili yalipambana Busia na mpaka ukafungwa.

Uhaba huo uliwafunza mafundi ujasiri wa kufufua kilichochakaa: kipuri kilichokosekana kilichongwa, kilichomelewa au kilitolewa katika gari lililokufa. Ni ujuzi unaostahili heshima. Lakini uliacha pia mazoea ya kuamini kwamba ubovu hutambuliwa kwa kubadilisha kifaa na kuangalia matokeo, na mazoea hayo, yasiyo na madhara makubwa kwa kabureta, yalikuja kuwa ghali wakati magari yenye umeme mwingi yalipofika.

Magari hayo yalikuwa yameanza mbali. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilileta katika Volkswagen 1600 mfumo wa kupuliza petroli unaoongozwa kwa elektroniki, na sheria ya hewa safi ya Marekani ya mwaka 1970 ikawalazimisha watengenezaji kupima kwa makini zaidi kila tone la mafuta linaloingia katika injini. Katika Afrika Mashariki mageuzi hayo yalienea hasa kuanzia miaka ya 1990, biashara ya nje ilipolegezwa na magari yaliyotumika Japani yakaanza kushushwa kwa wingi Mombasa, mengi yakipitia Malaba na Busia kwenda Kampala. Corolla ya kizazi cha mwaka 1991, iliyozoeleka Uganda kwa jina la Kikumi, ilikuwa miongoni mwa magari yaliyomkutanisha fundi wa kawaida na sensa ya throtoli.

Throtoli ni bamba la duara linalofunguka ndani ya njia ya hewa dereva anapokanyaga mafuta, na sensa yake ni kifaa kidogo kilichofungwa kwenye ncha ya mhimili wa bamba hilo ili kuiarifu kompyuta limefunguka kiasi gani. Ndani ya sensa za aina hiyo ya zamani mna utepe wenye ukinzani wa umeme na kidole kinachoteleza juu yake. Kompyuta hupeleka volti 5 upande mmoja wa utepe, upande wa pili hurudisha umeme kwenye kompyuta, na kidole husoma volti iliyo mahali kilipo, ambayo kwa kawaida huwa karibu 0.5 throtoli ikiwa imefungwa na hukaribia 4.5 ikiwa wazi kabisa. Utepe huchakaa zaidi mahali kidole kinapopita kila siku, yaani karibu na mwanzo, na ndiyo maana gari lenye ubovu huu hushtuka linapoanza kuongeza mwendo, hupoteza nguvu, huzima likiwa limesimama na, kama ni la gia za kujiendesha, hubadilisha gia kwa wakati usiofaa.

Toyota za wakati huo zilikuwa na njia ya kusema ubovu wao bila mashine yoyote. Fundi aliunganisha kwa kipande cha waya matundu mawili yaliyoandikwa TE1 na E1 katika kisanduku kidogo chini ya boneti, akafungua swichi, kisha akahesabu mimweko ya taa ya injini kwenye dashibodi: minne, kituo, halafu mmoja, ikawa namba 41, ambayo ni ya saketi ya sensa ya throtoli. Wengi waliishia hapo wakaenda kutafuta sensa ya mtumba, na hapo ndipo kosa lilipoanzia, kwa sababu namba hiyo hutaja saketi nzima, pamoja na waya, soketi na kompyuta, wala haikihukumu kifaa chenyewe. Waya wa kurudisha umeme ukikatika, volti ya kidole hupanda hadi karibu 5 ingawa sensa ni nzima, na sensa mpya ikifungwa ubovu hubaki palepale.

Jibu hupatikana kwa mita ya umeme. Kwanza hupimwa kama volti 5 zinafika kwenye soketi, kisha kama waya wa kurudisha ni mzima, na mwisho, sensa ikiwa imeunganishwa, throtoli hufunguliwa polepole kwa mkono huku mshale wa mita ukitazamwa, nao unapaswa kupanda bila kukatika. Mita ya mshale hufaa hapa kuliko ya tarakimu, ambayo mara nyingi huchelewa kuonyesha volti iliyopotea kwa muda mfupi tu. Mshale ukianguka ghafla kisha ukarudi, hapo utepe umekatika, na fundi anaweza kumwambia mwenye gari anunue sensa bila kumpotezea fedha.

Mashine za kusoma hitilafu, zilizotokana na kanuni ya Marekani iliyolazimisha soketi na namba za hitilafu za aina moja kwa magari mapya kuanzia mwaka 1996, zimerahisisha hatua ya kwanza tu. Namba P0122 husema volti iko chini mno na P0123 kwamba iko juu mno, lakini hakuna hata moja inayosema kwa nini. Mpaka nao umeongeza ugumu wake, kwa sababu Kenya hukataa kuingiza magari yaliyozidi miaka 8 ilhali sheria ya Uganda ya mwaka 2018 iliweka ukomo wa miaka 15, na hivyo kijana wa gereji ya Busia hupokea siku moja gari lenye throtoli inayovutwa kwa kebo na sensa ya utepe, na gari ambalo throtoli yake huendeshwa na mota na kusomwa na sensa mbili zinazochungana. Kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa Busia Februari 2018 kimepunguza muda wa magari kukaa mpakani, lakini hakikupunguza aina za magari hayo.

Kwa hiyo vyuo vya ufundi vya pande zote mbili, na mafundi wakuu wanaolea wanagenzi chini ya miembe, wanaombwa wampe mwanafunzi mita ya umeme kabla ya kumpa mashine, na wasimruhusu kununua sensa ya throtoli kwa fedha ya mteja mpaka awe amepima volti zile kwa mkono wake mwenyewe.