Bukta ya bluu, mfuko mmoja nyuma

Mdogo wangu alipopangiwa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), tulianzia kwa fundi cherehani pale Dumila, jirani na njia panda ya Kilosa.

"Shikamoo, fundi. Nataka bukta ya jeshi."

"Marahaba, mwanangu. Bluu iliyokolea, mpira kiunoni, zipu hakuna, mfuko mmoja nyuma, iishie magotini. Umepangiwa wapi?"

Orodha ya vifaa ilikuwa kichwani mwa fundi zaidi kuliko kichwani mwa mdogo wangu. Kila mwaka, wahitimu wa kidato cha sita wakishamaliza mitihani, Jeshi la Kujenga Taifa hutangaza majina na kambi, na vijana hujisaka kwenye simu zao. Chini ya majina huja vifaa: fulana ya kijani, raba za michezo, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, trakisuti, nguo za baridi kwa wanaokwenda kwenye baridi, na nauli ya kwenda na kurudi. Kijana wa Dumila akipangiwa Makutupora, basi lolote la Dodoma linalopita mbele ya kwao litamsogeza. Akipangiwa Bulombora, huko Kigoma, ni kuvuka nchi nzima.

Mwanafunzi wa chuo wa Ireland anayekwenda kufanya kazi ya likizo katika kambi za watoto Marekani naye hufunga begi kwa orodha. Lakini yeye ameomba mwenyewe, ana viza ya J-1 mkononi, na kazi yake ina malipo. Kijana wetu haombi, anaitwa. Ndiyo maana huitwa kijana wa mujibu wa sheria, tofauti na mwenzake anayejiunga JKT kwa kujitolea.

Mwanzoni wote walikuwa wa kujitolea. JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, nchi ikiwa haijatimiza miaka miwili ya uhuru, na vijana wa TANU ndio waliotangulia kuingia kambini. Waisraeli walisaidia kuwafundisha, kwa mfano wa jeshi lao la vijana wanaolima huku wameshika bunduki. Kazi ilikuwa kufyeka, kulima, kujenga na kupiga kwata. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, serikali ililivunja jeshi lililorithiwa kwa wakoloni, na vijana kama hao wakawa miongoni mwa walioandikishwa katika jeshi jipya, Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ).

Mwaka 1966 sheria ikawageukia wasomi. Aliyemaliza chuo kikuu au kidato cha sita alitakiwa kutumikia miaka miwili: miezi kama mitano kambini, iliyobaki kazini kwake huku akipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi wa Dar es Salaam, wengine wamevaa majoho ya chuo, waliandamana hadi Ikulu kulipinga hilo. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akawaka. Walilia mishahara? Basi akatangaza pale pale kuukata wake kwa asilimia 20, na karibu wanafunzi 400 wakarudishwa vijijini kwa wazazi wao. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha, la ujamaa na kujitegemea. Wengi wa wale vijana walisamehewa na kurudi masomoni.

Naamini Mwalimu alikuwa sahihi kuwakasirikia. Mkulima aliyewasomesha hakuwa na mshahara wa kukatwa hata senti moja. Kwa miaka iliyofuata mtoto wa waziri na mtoto wa mkulima walinyolewa kipara kimoja na kukimbia mchakamchaka mmoja, na mpaka leo wazee wetu wakikutana huulizana, "Wewe ulikuwa operesheni gani?" yaani kundi gani la mafunzo, kama watu waliozaliwa nyumba moja.

Mwaka 1994 utaratibu huo wa lazima ulisitishwa, kwa kuwa hazina haikuumudu tena. Ulirudi Machi 2013, na baadhi ya wabunge nao wakaingia kambini.

Lakini mhitimu wa leo hana mshahara wa kukatwa. Gharama ya maandalizi huangukia nyumbani, na hapo ndipo moyo wangu unapouma, kwa sababu kwangu hoja ya 1966 ilikuwa kumpunguzia mzigo mkulima. Dumila, nyumbani maana yake ni mama mwenye ndoo za nyanya kando ya barabara kuu, anayekimbilia madirisha ya mabasi kabla dereva hajaondoa gari. Raba ni ndoo kadhaa. Trakisuti ni ndoo nyingine. Nauli ya Kigoma na kurudi ni mauzo ya wiki nzima, tena nyanya zikiwa na bei.

Alfajiri ya safari, mama alifungua pindo la khanga, akahesabu nauli ya kwenda, akamkabidhi mdogo wangu. Ya kurudi hakumpa mkononi. Aliichomoa ile bukta begini, akatia fedha kwenye ule mfuko mmoja wa nyuma, akaufunga kwa pini.