Rouge Congo: rangi inayofunua ugonjwa wa amiloidi

Miguu inavimba, mukojo unatoa povu sawa sabuni, nguvu inaisha. Mugonjwa anapimwa malaria, anapimwa sukari, jibu hakuna. Hapo jamaa wanaanza kuuliza nani amemuroga. Mara zingine sababu ni protini ambayo mwili wenyewe ulitengeneza: ilijikunja vibaya, ikashikamana kama nyuzi, ikajaa ndani ya figo, moyo ao maini. Nyuzi hizo zinaitwa amiloidi.

Ekografi inaweza kuonyesha kwamba kiungo kimeharibika, lakini haiwezi kuhakikisha kama ni amiloidi. Kwa hiyo munganga anatoa kipande kidogo cha figo, ao ananyonya kwa sindano mafuta kidogo chini ya ngozi ya tumbo, njia iliyo nyepesi zaidi. Kipande cha figo kinakatwa na unene wa mikrometa 8 mpaka 10. Kikiwa chembamba zaidi, rangi inafifia na ugonjwa unaweza kupita bila kuonekana. Kisha kinatiwa rangi ya rouge Congo. Amiloidi inakunywa rangi hiyo na kuwa nyekundu. Hiyo peke haitoshi, sababu nyuzi zingine za mwili pia zinaweza kuishika. Mutu wa laboratwari anaongeza vichujio viwili vya mwanga kwenye mikroskopi, na palipokuwa pekundu panang'aa kijani sawa pome bichi. Kijani hicho ndicho ushahidi.

Na jina? Hakuna kitu cha Kongo ndani yake. Ilikuwa rangi ya vitambaa, kazi ya Mujerumani Paul Böttiger. Kampuni AGFA ya Berlin ilianza kuiuza 1885, wakati wakubwa wa Ulaya walikuwa wametoka kukutana mujini humo juu ya Kongo. Jina la biashara tu. Hans Bennhold aliona mwaka 1922 kwamba inashika amiloidi. Mwaka 1927 Paul Divry na Marcel Florkin wa Liège, Ubelgiji, wakaeleza mungao wake.

Rangi haisemi ni protini gani. Vipimo vingine vinahitajika. Amiloidi inaweza kuletwa na kifua kikuu kilichokaa muda mrefu, na hapo kinachotibiwa kwanza ni kifua kikuu. Ikitoka kwenye chembe za uboho wa mifupa, dawa ni za aina ya kansa. Kwa hiyo mwenye kuwa na mukojo wa povu amwambie munganga kama aliwahi kuugua kifua kikuu. Kipimo cha kuanzia ni bandeleti ya mukojo.