Kabla ya Subaru kulikuwa na Datsun ya guka

Juzi niliposti video ya Impreza moja ya hapa Embu, ile ya buluu yenye rimu za dhahabu, na msee fulani akaandika chini: "Hizi ni mambo za Wajapani, sisi tunaiga tu." Nimeikalia hiyo komenti wiki nzima. Manze, hapana. Mapenzi ya gari za Kijapani huku kwetu ni ya kitambo kuliko Subaru yenyewe, na hatukuyatoa YouTube.

Guka yangu alikuwa mkulima wa kahawa upande wa Runyenjes. Julai 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazil, bei ya dunia ikapaa, na kufikia 1977 wakulima wa huku walikuwa wanashika pesa ambazo hawakuwahi kuziota. Guka akanunua pikapu ya Datsun. Niliwahi kumuuliza kwa nini hakuchukua Peugeot 504, maana hiyo ndiyo ilikuwa gari ya heshima. Akanijibu, "Datsun nilikuwa nimeiona ikipita."

Alimaanisha Safari Rally. Mashindano hayo yalianza 1953, baadaye yakawa yanakimbizwa wakati wa Pasaka, na yalikuwa yakizunguka mlima, Embu hadi Meru hadi Nanyuki, enzi ambazo barabara yetu ilikuwa udongo mwekundu. Mvua ya Pasaka unaijua. Kwenye matope kama hayo Edgar Herrmann alishinda 1970 na Datsun 1600 SSS, halafu 1971 na 240Z. Na hiyo 240Z usiichukulie poa: milango miwili, silinda sita, boneti ndefu kama mtumbwi. Gari ya mbio kamili, ikipita kando ya mashamba ya watu wanaochuma kahawa.

1973 ndiyo naipenda zaidi. Shekhar Mehta, kijana wa Kampala ambaye familia yake ilifukuzwa na Idi Amin mwaka uliotangulia, alifungana pointi na Harry Källström wa Sweden. Wote walikuwa kwa Datsun! Mehta akapewa ushindi kwa sababu alienda mbali zaidi bila kupata adhabu. Baadaye akashinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Katikati hapo kuna Joginder Singh, fundi aliyezaliwa Kericho, aliyeshinda 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Kwa hivyo msee wa komenti, kina Lancer na Datsun walijengewa jina hapa. Wajapani walikuja kwa barabara zetu kuthibitisha kuwa gari zao haziharibiki.

Subaru ilikuja kuingia roho zetu miaka ya tisini. 1993 walileta Vivio, kagari ka cc 660, na Patrick Njiru akakamaliza nako Safari na kushinda klasi yake. Cc 660! Pikipiki zingine zinaizidi. 1997 Colin McRae akashinda na Impreza, na tangu hapo kila kijana mwenye mjomba mwenye Subaru anajiona McRae.

Mimi pia. Na hapa ndipo stori inakuwa ngumu kwangu.

Mwaka jana nilipewa Impreza ya mjomba niipeleke Meru. Ilikuwa imebadilishwa egzosi na turbo imeongezwa presha. Unajua kona za kushuka Thuci. Nilikuwa nakata ndani kama niko reli, simu ikirekodi, na kwenye kona moja nikakuta boda imebeba mama na magunia mawili. Tulipishana kwa nafasi ya mkono. Nilisimama mbele kidogo, miguu ikitetemeka, nikafuta hiyo video. Sijawahi kumwambia mjomba, ndiyo sasa anasoma.

Nikisema tupunguze, wasee wananijibu kwamba hata Safari ilikimbizwa kwenye barabara wazi. Ni kweli. Ilikuwa na ng'ombe, matatu na watoto wa shule. Lakini soma stori yote. Wale madereva walikuwa wanakuja wiki kadhaa mapema kuipima njia na kuiandika kona kwa kona. Timu kubwa zilikuwa na helikopta juu, mtu anatazama mbele na kupiga redio kwamba kuna lori. Na pamoja na hayo yote, mtindo huo uliachwa: Safari ikatoka kwa ubingwa wa dunia baada ya 2002, na iliporudi 2021 kule Naivasha, ilikuwa ni kwenye njia zilizofungwa kabisa. Wewe huna helikopta. Una kamera ya simu.

Wengine wanataja pikapu za miraa. Sawa, hizo ndizo tuning yetu ya asili: Hilux zenye springi za kuongezwa, siku hizi Probox, kutoka Maua hadi Nairobi, zaidi ya kilomita 250, kwa sababu miraa ikipita siku mbili imelala na haina bei. Dereva wa miraa anakimbizwa na jani. Mimi na wewe tunakimbizwa na nini?

Mashindano ya otokrosi hayahitaji lami. Ni uwanja wa vumbi, koni, saa, na ambulensi kando. Nairobi wamewahi kuyafanya Jamhuri Park, sisi wenye historia ya rali mlangoni hatuna hata kimoja. Kama unajua shamba la ekari kadhaa lililo tambarare kati ya Embu na Meru, na mwenyewe ni mtu wa kuongea naye, niandikie. Nitaenda kumwona na guka. Anajua kuongea na wazee wenzake, na Datsun yake bado iko kwa banda, kuku wanalala kwa kiti cha dereva.