Mito ya Nchi Zisizokuwepo

Mwaka 1856 jarida la jiografia la mji wa Gotha, Ujerumani, lilichapisha ramani ya wamisionari wawili waliokuwa wakifanya kazi pwani yetu, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann. Erhardt alikuwa amekaa Tanga, akiwauliza watu wa misafara habari za bara. Waliozoea njia ya Kilwa walimwambia kwamba mwisho wa safari kuna bahari ya maji matamu. Wa njia ya kati, ile iendayo Ujiji, walisema vivyo hivyo, na wa njia za kaskazini nao wakataja maji yasiyoonekana ng'ambo. Wamisionari wakaziunganisha habari hizo tatu, likatokea ziwa moja kubwa ajabu, limelala katikati ya bara mfano wa koa. Wasimulizi hawakukosea hata kidogo: mmoja alisema Nyasa, mwingine Tanganyika, mwingine Nyanza, na kila mmoja alisema la kweli. Kosa lilikuwa la mkono uliojaza nafasi iliyobaki kati yao. Wapelelezi Burton na Speke waliondoka pwani mwaka 1857, wakafika Ujiji Februari 1858, na Agosti mwaka huohuo Speke akaiona Nyanza. Leo tunajua kwamba maji ya Nyanza hutokea Jinja yakaenda hadi Misri, ya Tanganyika hupita mto Lukuga yakaingia Kongo na kuishia Atlantiki, na ya Nyasa hushuka kwa mto Shire hadi Zambezi na Bahari ya Hindi. Ili koa huyo awe wa kweli, ziwa moja lingepaswa kumwagika kwenye bahari tatu.

Naanza na koa huyo kwa sababu kosa lake ndilo linalomkwamisha hadi leo mtu aliyekaa mbele ya kompyuta akichora nchi ya kubuni kwa ajili ya riwaya au mchezo. Hudhani ameshindwa na programu: hajapata brashi inayofaa, hajanunua picha nzuri za milima. Historia ya kazi hii inasema vingine. Ramani, ya nchi ya kweli au ya kubuni, huanguka pale mchoraji anapojaza nafasi bila kuuliza maji yatapita wapi, na chombo chochote kinachomrahisishia kujaza humrahisishia pia kukosea.

Ushahidi mkubwa zaidi uko Afrika Magharibi. Mpelelezi Mungo Park alipouona mto Niger mwaka 1796, aliukuta ukienda mashariki. James Rennell, mchoraji ramani mwenye heshima kubwa Uingereza, alikabidhiwa kazi ya kuichora safari hiyo. Akawaza: kama mto huu hauelekei kusini baharini, lazima kuna kitu kinachouzuia. Mwaka 1798 akatandaza safu ya milima kutoka magharibi kwenda mashariki, akaiita Milima ya Kong. Tuseme haki yake: alijiuliza swali la maji, jambo ambalo wengi hawalifanyi. Lakini jibu alilitoa kichwani, na wenzake wakalinakili ramani baada ya ramani. Mwaka 1830 ndugu wawili wa ukoo wa Lander waliufuata Niger mpaka ukamwagika Ghuba ya Guinea, upande uleule wa kusini, na bado milima haikufutwa. Ilidumu hadi mpelelezi Louis-Gustave Binger alipofika mji wa Kong mwaka 1888 asione mlima wowote wa namna hiyo. Kwa muda wa miaka tisini hivi, watu walisoma ramani yenye milima iliyozaliwa ili kulinda wazo la mtu juu ya mto.

Sasa tazama programu zenyewe. Campaign Cartographer ilipotoka mwaka 1993 ilijengwa juu ya injini ya uchoraji wa kihandisi, kwa hiyo kila mstari ulikuwa na urefu wake halisi na mtumiaji alilazimika kutaja ukubwa wa nchi kabla ya kuchora chochote. Wengi waliiona ngumu. Programu zilizofuata, kama Inkarnate na Wonderdraft, zilimpa mtu milima na misitu iliyo tayari, akaigonga kwenye ukurasa kama mhuri. Urahisi huo ni neema ya kweli, ila una gharama moja: mlima wa mhuri ni picha, hauna kimo. Programu haijui kwamba mto umepanda mlima, wala haitamwonya mtu kwamba ziwa lake lina milango miwili. Dawa iko katika mpangilio wa kazi. Andika vimo kwanza, hata kwa tarakimu za kukadiria, kwenye tabaka litakalofichwa baadaye. Kisha chora mto kuanzia baharini ukipanda kuelekea chanzo. Ukianza juu ukashuka, mkono hupenda kuugawa mto katikati ya nchi. Ukianza chini, kila tawi unaloongeza ni kijito kinachoingia mtoni, kama ilivyo duniani. Kugawanyika uache kwa delta, kama ya Rufiji.

Atapinga mtu hapa: mbona siku hizi kompyuta hukokotoa yenyewe? Ni kweli kwamba zipo programu, ile ya Azgaar ikiwa mojawapo, zinazozalisha vimo vya nchi nzima na kuitiririsha mito kwa kuvifuata. Lakini vimo vinavyozaliwa kwa hesabu za kubahatisha huwa vimejaa mashimo yasiyo na pa kutokea, na maji yakiingia humo hukwama. Kwa hiyo waandishi wa programu huongeza hatua ya kuyajaza mashimo hayo mpaka maji yapate njia. Rennell aliongeza milima ili mto usipite. Hawa huinua ardhi ili mto upite. Uamuzi haukuondoka, umehamia tu kwa mtu mwingine. Na mtumiaji akishusha bonde kwa mkono baada ya mito kuchorwa, bila kuagiza ikokotolewe upya, mito hubaki ilipokuwa, ikining'inia juu ya ardhi iliyobadilika.

Pingamizi zito zaidi ni la uhuru. Nchi ni ya kubuni, kwa nini ifuate sheria za dunia? Wanaosema hivyo humtaja Tolkien, ambaye nchi yake ya Mordor imezungukwa na milima pande tatu, kwa pembe karibu za mraba, jambo lisilo la kawaida katika milima ya kweli. Ni haki kulikubali hilo. Lakini tazama kilichobaki: mto Anduin hutoka kaskazini, hupokea mito mingine njiani, na hugawanyika ukikaribia bahari tu. Tolkien alipima mwendo wa wasafiri wake kwenye karatasi ya miraba na kusawazisha tarehe za mwezi mwandamo. Pembe ya Mordor inavumilika kwa sababu imezungukwa na ardhi inayoaminika. Atakayevunja kila sheria kwa wakati mmoja hatakuwa na ajabu lolote la kuonyesha.

Yapo pia matatizo madogo ambayo chanzo chake si maji: jina lililofichwa nyuma ya mlima kwa kuwa tabaka lake liko chini, au picha inayofifia ikichapwa. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 kila inchi unahitaji pikseli 3508 upande mrefu. Ukubwa huo upange mwanzoni, kwani kuupanua mwishoni hakuongezi undani. La muhimu kuliko hayo ni kutunza faili la asili lenye matabaka yote, pamoja na nakala yake. Robert Louis Stevenson alichora kisiwa chake huko Braemar, Uskoti, mwaka 1881, na hadithi ya *Treasure Island* ikazaliwa kutoka kwenye mchoro huo. Alipoupeleka kwa mchapishaji, ukapotea. Ilimbidi apekue kitabu chake mwenyewe, akusanye kila umbali na kila upande uliotajwa, kisha ramani ichorwe upya katika ofisi ya baba yake kwa kufuata maneno yaliyoandikwa. Ramani hiyo ya pili ndiyo iliyochapishwa, na Stevenson mwenyewe aliandika kwamba kwake haikuwa kisiwa kilekile.