Wageni wangu na muhogo wa bibi

Jamani, hebu niwaulize. Mgeni akitoka mbali akakwambia, "Nataka kula chakula chenu cha asili," wewe unampeleka wapi?

Mimi nilidhani jibu ninalo mfukoni. Wageni wenyewe walikuwa wawili, mke na mume, watu wa redio kutoka Dublin, Ayalandi. Siku ya kwanza nikawapandisha ghorofani kwenye mkahawa mmoja wa Mji Mkongwe, penye mito ya kukalia na upepo wa bahari. Pilau ikaja ya vuguvugu, bei yake kwa dola. Wageni wakashukuru kwa adabu. Kwa adabu tu, nikaona.

Siku ya pili nikawapeleka Forodhani jua likizama. Hapo nikajiona mwenyeji hasa. Mishikaki, pweza, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, na ile "pizza ya Zanzibar" ambayo kwa kweli ni jamaa wa mkate mayai wa Mombasa aliyepewa jina la Kitaliano. Kisha urojo. Nikaanza kuwaeleza kilichomo bakulini, na hapo ndipo historia ilipoanza kuniumbua.

Bajia na kachori? Asili yake Uhindi. Pilipili? Imetoka Amerika. Embe mbichi inayotia ukali? Mwembe ni mti wa Asia. Wakauliza habari za karafuu. Nikawaambia ililetwa mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi, na huko nako ilifika kutoka visiwa vya Maluku, Indonesia. Nikanyanyua kipande cha kiazi. "Na hiki?" Sisi Unguja tunakiita mbatata, neno lililopita kwa Wareno. Kiazi chenyewe ni cha milima ya Amerika Kusini.

Mgongoni kwetu palikuwa na Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Hata meza tuliyoegemea, neno lake ni la Wareno. Nikajiuliza kimoyomoyo, sasa cha asili ni kipi?

Yule bwana hakuwa na shida na hilo. Alikitazama kile kipande cha mbatata, akasema kwao hakuna chakula cha asili kuliko hicho, na hicho hicho ndicho kilichowaua. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika mashamba ya viazi Ayalandi. Maskini walikuwa hawana chakula kingine, maana nafaka na mifugo ilikuwa ya kulipia kodi ya ardhi na kuuzwa. Kwa miaka michache watu wapatao milioni moja wakafa, na wengine kama hao wakapanda meli wakahama. Wakati huohuo meli za chakula ziliendelea kutoka Ayalandi kwenda Uingereza. Hadi leo idadi ya watu katika kisiwa kile haijarudi ilivyokuwa kabla ya njaa ile.

Halafu mkewe akaniuliza swali dogo. "Na nyumbani kwenu mnakula haya kila siku?"

Nikacheka. Kila siku! Nani ana pesa ya pweza kila siku?

Basi usiku ule nikampigia simu bibi yangu. Nikamwomba kesho atupikie biriani. Bibi anakaribia miaka 90 na ulimi wake bado mkali. Akanijibu, "Biriani ya harusi hiyo. Wanakuja harusini?"

Kesho yake tukavuka Darajani. Wengi tunapita pale bila kujiuliza daraja liko wapi. Zamani palikuwa na mkono wa bahari uliotenga Mji na Ng'ambo, na watu wakivuka kwa daraja. Maji yalifukiwa, na leo ndipo inapopita Barabara ya Benjamin Mkapa. Upande huu majumba ya mawe ya matajiri. Upande ule vibanda vya udongo vya wachukuzi, mafundi, wavuvi na watu waliotoka utumwani. Bibi yangu ni mtu wa Ng'ambo.

Tukamkuta amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, karibuni." Seredani inawaka, chungu juu yake. Nikachungulia. Muhogo!

Wallahi niliona haya. Muhogo wa nazi na papa mkavu, kwa wageni waliovuka bahari? Nikamnong'oneza, "Bibi, hiki si chakula cha wageni." Hakunijibu. Akakamua tui la kasimile, akalitia mwisho, akaonja chumvi.

Tulikula sinia moja juu ya mkeka, na huku tunakula bibi akazungumza. Mie nikawa mkalimani.

Alikuwa mtoto mdogo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mchele wa Unguja siku zile ulitoka sana Burma. Wajapani walipoiteka Burma mwaka 1942, mchele ukakatika. Serikali ya Mwingereza ikaweka mgawo wa chakula, na mgawo ule ulitazama kabila la mtu. Waliohesabiwa Waasia walipata fungu bora la mchele kuliko waliohesabiwa Waafrika. Wanahistoria wanaitaja hii kuwa moja ya sababu za watu wengi kukazana siku zile waandikwe Washirazi. Bibi alilisema kwa mkato, "Walikuuliza kabila lako ndipo wakujue unakula nini." Kwao walikula muhogo.

Na muhogo nao ulikuwa na historia yake. Ni wa Amerika pia, uliovushwa bahari na Wareno. Katika karne ya 19, enzi za mashamba ya karafuu, ndio uliowalisha watumwa. Walipewa vipande vya ardhi na kwa kawaida siku mbili za wiki, Alhamisi na Ijumaa, wajilimie chakula chao. Ndiyo maana ukabaki na sifa ya chakula cha mnyonge. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali ya Mapinduzi ilipobana uagizaji wa chakula ili visiwa vijitegemee, watu walipanga foleni ya mchele na wengi wakarudi palepale, kwenye muhogo.

Nilipomaliza kutafsiri, yule bwana alinyamaza kidogo. Akasema bibi yake yeye alikuwa haruhusu kiazi kutupwa hata kikiwa kidogo kama gololi. Bibi yangu akacheka. "Mwambie ale, basi. Asibakishe."

Hakubakisha. Mimi ndiye niliyepata somo. Nilikuwa natafuta chakula ambacho hakikutoka kokote, na kisiwani kwetu chakula hicho hakipo. Kumbe cha asili ni kile kilichotuvusha, hata kama mbegu yake imetoka ng'ambo ya bahari. Na hicho ndicho nilichokuwa nakificha kwa wageni, kwa sababu kinanikumbusha kuwa sisi tulikuwa upande ule wa daraja.

Forodhani nendeni, urojo mtamu sana. Lakini mgeni akikuomba cha asili, muulize kwanza bibi yako amepika nini leo. Na akikwambia muhogo, usione haya kama nilivyoona mimi.